DAMU HUGANDAJE?



Shambani watu hujikata kwa jembe, panga au mundu. Jeraha likiwa dogo, damu hutoka kisha hukoma yenyewe. Je, ni nini kinachoizuia? Leo tujifunze, maana ajuaye jambo hili anaweza kumwokoa mwenzake.

Chembe sahani

Ndani ya damu yetu mna chembe ndogo sana ziitwazo chembe sahani. Hatuwezi kuziona kwa macho matupu. Daktari mmoja Mwitaliano, Giulio Bizzozero, alizitazama kwa darubini, na mwaka 1882 alieleza kwamba zinasaidia kuziba jeraha. Chembe hizi hutengenezwa katika uboho wa mifupa. Huishi siku 7 hadi 10, halafu mpya hushika nafasi yake.

Mshipa ni kama ukuta

Tazama ukuta wa nyumba ya miti. Umekandikwa udongo, lakini chini yake kuna fito. Mshipa wa damu uko hivyo hivyo. Upande wa ndani ni laini, na chembe sahani hupita bila kunata. Chini ya ulaini huo kuna nyuzi ngumu za kolajeni. Kolajeni tunaijua sote: zile kano za nyama ya ng'ombe zinazotushinda kutafuna, sehemu kubwa ni kolajeni.

Panga likikata mshipa, ni kama udongo umebanduka na fito zimeonekana. Chembe sahani zina vishikio vidogo viitwavyo vipokezi. Vipokezi hivyo huijua kolajeni kama kufuli ijuavyo ufunguo wake.

Damu ikienda kasi, chembe haiwezi kujishika mara moja. Kwanza protini nyingine ya damu hunata kwenye kolajeni, kisha huidaka chembe ipitayo, kama ndoana. Mwendo ukipungua, vipokezi vingine huikamata kolajeni yenyewe. Hapo chembe hutoa miguu kama ya buibui, na humwaga kemikali za kuwaita wenzake. Zote hushikana. Mwishowe nyuzi za faibrini huzifunga kama wavu. Hilo ndilo donge la damu.

Sasa tufanyeje?

1. Weka kitambaa safi juu ya jeraha, ukandamize kwa nguvu dakika 10. Usifunue kuchungulia! Ukifunua, unabandua chembe zilizokwisha kushika.

2. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Cha kwanza usikitoe.

3. Usipake samadi wala udongo. Vinaweza kuleta pepopunda.

4. Mwenye jeraha asimeze aspirini kutuliza maumivu. Aspirini huzizuia chembe sahani zisiitane. Lakini aliyeandikiwa na daktari kwa ugonjwa wa moyo asiiache bila kumwuliza.

5. Damu ikiruka au isipokoma, mpelekeni zahanati upesi, huku mkiendelea kukandamiza.

Kumbe mkono wetu hauigandishi damu. Mkono unapunguza mwendo wake tu, ili chembe zipate nafasi ya kushika. Basi tuzipe nafasi hiyo.

Maswali

1. Chembe sahani hutengenezwa wapi?
2. Kwa nini hazinati katika mshipa mzima?
3. Kwa nini tusichungulie jeraha kabla ya dakika 10?