Sukari ya mama inaruka, na mimi nina genge

SWALI: Naishi Kurasini na mama yangu, anachoma insulini. Sukari yake leo 17, kesho 3.2 anatetemeka. Kila tukienda kliniki muuguzi anatuweka benchi atufundishe, na mimi nimefunga genge. Naona tuwe tunachukua dawa tu tunaondoka. Jirani anasema mama akila dona inatosha. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, najua mauzo ya asubuhi yakipita yamepita. Lakini somo hilo msiliache, maana ni sehemu ya matibabu. Daktari humwona mama dakika chache. Siku zinazobaki sindano, sahani na miguu yake viko mikononi mwenu.

Leo kabla hajachoma, papasa pale anapochoma siku zote. Pana kinundu, au ngozi imekuwa nene? Wagonjwa wengi hupenda sehemu moja kwa kuwa haiumi tena. Insulini ikiingia kwenye kinundu hufyonzwa ovyo, leo kidogo, kesho nyingi, na sukari huruka kama hiyo ya mama. Ila msihamishe sindano kimyakimya. Mahali papya dawa huingia vizuri, na dozi ileile inaweza kumwangusha. Muuguzi aone kwanza, dozi ipangwe upya. Mambo haya hayatoshi kusomwa tu kwenye boksi la dawa. Yanataka mtu wa kukaa na mama na kumtazama mikono. Kama insulini yake ni ile nyeupe kama maziwa, muulize pia muuguzi kama mama anaiviringisha viganjani vya kutosha kabla ya kuivuta.

Jirani ana nia njema, lakini dona nalo ni mahindi. Akijaza sahani, sukari itapanda.

Hiyo 3.2 ndiyo inayonitia hofu. Ikishuka chini ya 4, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15, na kama bado iko chini, rudia. Akipoteza fahamu usimnyweshe chochote, mkimbize hospitali.

Usingoje tarehe ya kliniki. Funga genge kesho, beba chupa ya insulini, sirinji anazotumia na daftari la vipimo, na umwombe muuguzi amtazame mama akijichoma mwenyewe, hatua kwa hatua.