Mita Saba za Anthony Nash

Anthony Nash alikuwa kipa wa kaunti ya Cork katika hurling, mchezo wa magongo wa Ayalandi. Mwaka 2012 na tena 2013 aliteuliwa kipa wa kikosi bora cha mwaka. Sasa amestaafu mechi za kaunti, na kinachokumbukwa zaidi ni magoli aliyofunga yeye mwenyewe, mpaka wakubwa wa mchezo wakaingilia kati.

Mpira wa hurling, sliotar, una uzito wa gramu 110 hadi 120: kiini ndani, ngozi nje. Goli lina upana wa mita 6.5, na mwamba wake uko mita 2.5 juu. Mpira wa penalti uliwekwa chini mita 20 kutoka golini. Mpigaji hauokoti kwa mkono. Anauinua kwa gongo, kisha anaupiga ukiwa hewani. Enzi hizo walinzi watatu walisimama kwenye mstari wa goli.

Wengi waliuinua mpira karibu wima. Nash aliurusha mbele, akaukimbilia, akaupiga ukiwa kwenye mita 13 hivi.

Tupige hesabu. Chukua, kwa mfano, mwendo wa kilomita 150 kwa saa, yaani mita 42 hivi kwa sekunde, na tuupuuze upinzani wa hewa. Mita 20 zinakwisha kwa sekunde 0.48, mita 13 kwa sekunde 0.31. Umbali na muda vimepungua kwa karibu theluthi moja. Je, kazi ya mlinzi imekuwa ngumu kwa theluthi moja tu?

Hapana. Tangu jicho lione hadi mkono uanze kusogea hupita takriban sekunde 0.2, na mpira ukiwa karibu ucheleweshaji huo haupungui. Uondoe pande zote mbili. Kwenye mita 20 zinabaki sekunde 0.28 za kusogeza gongo. Kwenye mita 13 inabaki 0.11. Muda wenye faida umepungua kwa asilimia 60. Hapo ndipo penye siri, si kwenye nguvu za mikono ya Nash, ingawa alikuwa nazo.

Kuna nyongeza. Tuseme anakimbia mita 6 kwa sekunde na ameurusha mpira mbele kwa kasi hiyohiyo. Kwake yeye mpira hauendi mbele wala kurudi nyuma. Unapanda na kushuka tu, kama chungwa linalorushwa juu na abiria ndani ya treni. Anaupiga pigo lake la kawaida, na mbio zake zinajumlishwa: kilomita 22 hivi kwa saa. Ile 150 ikawa 172, na mlinzi akabakiwa na sekunde 0.07. Ila mrusho wenyewe ni mgumu. Ili mpira ubaki hewani kwa mita saba, sharti upande kama mita mbili, kisha ushuke mbele ya gongo la mtu aliye mbioni.

Katika fainali ya Ayalandi ya 2013 dhidi ya kaunti ya Clare, iliyotoka sare, Nash alifunga kwa mpira wa adhabu. Kwenye marudiano Clare walirundika karibu timu nzima mstarini, na bado akafunga. Kila mlinzi alikuwa na kipande kidogo tu cha kulinda, lakini kuinua gongo kutoka kiunoni hadi kichwani kunataka muda uleule usiokuwepo. Clare ndio walioondoka na kombe.

Juni 2014 kipa wa Waterford, Stephen O'Keeffe, aliikwepa hesabu nzima. Mpira ulipoinuliwa tu alimkimbilia Nash, akaufunika kwa mwili. Aliyekwisha kuziba njia hahitaji kuuona mpira kwanza. Kwa macho yangu ni jibu la akili kuliko ukuta wa Clare, na la hatari zaidi.

Siku chache baadaye iliamuliwa kwamba mpira upigwe kabla haujavuka mstari wa mita 20. Mwaka 2015 walinzi wawili waliondolewa kwenye penalti, akabaki kipa peke yake na mita zote 6.5, lakini akiwa na sekunde zake 0.28.