Plasta Si Mwisho wa Matibabu



Kila muhula hatukosi ndugu aliyeanguka na bodaboda au aliyeumia uwanjani, akarudi bwenini na plasta. Wiki ya kwanza tunamzuru na kumnakilia masomo. Wiki ya pili maumivu yametulia, tarehe ya kliniki imegongana na mtihani, naye anaamua kutokwenda. Somo letu linahusu ziara hizo zinazorukwa: daktari huwa anatafuta nini?

Kwanza kuna jambo lisilongoja kliniki. Kiungo kilichovunjika huvimba zaidi katika siku 2 au 3 za mwanzo, na plasta haitanuki. Kiinue kwa mito kipite usawa wa moyo, na uchezeshe vidole mara kwa mara. Maumivu yakizidi na dawa zisiyatulize, vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au vikipauka, au vikinyooshwa ukapata maumivu makali, rudi hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Huenda mgandamizo wa ndani unazuia damu kupita, na misuli iliyokosa damu hufa ndani ya saa chache.

Kliniki ya kwanza mara nyingi huwa baada ya wiki 1 au 2, na hapo utapigwa picha ya eksirei tena. Wengi hunung'unika: picha si ilishapigwa, mbona nilipe mara ya pili? Sababu ni kwamba uvimbe ukishuka, plasta hulegea na mfupa unaweza kuteleza kutoka mahali ulipowekwa. Katika wiki hizo mfupa bado haujashikana, na kuurekebisha si kazi kubwa. Ukija baada ya wiki 6, huenda umeshaungana ukiwa umepinda, na dawa yake mara nyingi ni upasuaji. Mgonjwa hahisi mfupa ukiteleza, kwa hiyo kukosa maumivu si ushahidi. Kwa maoni yangu, ukiweza kwenda kliniki moja tu, nenda hii.

Aliyefanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma hutolewa nyuzi baada ya siku 10 hadi 14 hivi, na kidonda huchunguzwa kama kina usaha. Chuma cha ndani kwa kawaida hubaki, hakitolewi ila kikisumbua.

Mkono uliovunjika karibu na kifundo hukaa kwenye plasta wiki 6 hivi. Mguu chini ya goti huchukua miezi 3 au 4, pengine zaidi, na uvutaji wa sigara huchelewesha. Usiukanyagie mguu huo mpaka uruhusiwe. Nyumbani hatakosekana mzee atakayeshauri plasta itolewe ili ukandwe. Heshima yake iko palepale, lakini kukanda mfupa mbichi ni kuuvunja upya.

Plasta ikitolewa usishtuke: mguu utakuwa mwembamba, ngozi inabanduka, na kiungo kimekakamaa. Hapo ndipo yanapoanza mazoezi ya viungo, na mtaalamu wake ni sehemu ya matibabu sawa na daktari. Kuvimba jioni kunaweza kuendelea miezi kadhaa. Lakini ndama ya mguu ikivimba na kuuma ghafla, au pumzi ikabana, hiyo ni dharura: huenda damu imeganda.

Ndugu wengi huuliza kuhusu udhu, kwa kuwa plasta ya chokaa ikilowa hulainika na kuacha kushika mfupa. Sheria imeshalitatua: osha sehemu iliyo wazi, kisha pangusa juu ya plasta kwa mkono wenye maji, bila kuilowesha. Kupangusa huku hakuna ukomo wa siku kama kulivyo kwa khofu. Wanazuoni wa Kishafii huongeza tayamamu na wana masharti mengine, basi muulize imamu wa msikiti wa chuo. Asiyeruhusiwa kukanyaga na aswali ameketi.

Siku ya kliniki beba kadi na picha zote za zamani, maana daktari hulinganisha ya leo na ya mwanzo. Muulize lini utakanyaga, lini utarudi uwanjani, na dalili zipi zikurudishe mapema. Na kabla hujatoka, omba barua yenye tarehe ya kliniki ijayo, uipeleke kwa mkuu wa idara mapema, kabla ratiba ya mitihani haijabandikwa.