Barua Ilibaki kwa Yoabu

Andiko la somo: 2 Samweli 11:14-17, Nehemia 6:5-9



Vijana wetu wa mpira wanamjua Mathieu Valbuena, yule kiungo mfupi wa timu ya taifa ya Ufaransa. Mwaka 2014 alimpa mtu simu yake amhamishie vitu vilivyokuwa ndani. Mlikuwa na video ya faragha. Yule mtu akaiona, akaichukua, na mwaka 2015 Valbuena akaanza kupigiwa simu: tuko na video yako, tusikizane. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, katika kambi ya timu pale Clairefontaine, mchezaji mwenzake Karim Benzema akamwendea akamwambia kuna mtu anaweza kuyamaliza hayo maneno. Benzema alijitetea kwamba alikuwa anamsaidia rafiki. Mahakama ya Versailles haikukubali. Novemba 2021 ilimpa kifungo cha mwaka 1 kilichoahirishwa na faini ya euro 75,000, na wengine wanne wakahukumiwa pamoja naye.

Valbuena hakulipa, alienda polisi. Lakini angalieni nani aliumia. Baada ya mwaka 2015 yeye hakuchezea Ufaransa tena. Benzema alirudishwa timuni 2021, na mwaka uliofuata akashinda Ballon d'Or. Aliyetishwa ndiye aliyepoteza jezi.

Najua kuna ndugu atasema, "Pasta, si angeacha tu kurekodi?" Sawa, hilo tunalihubiri kila mwaka kwa vijana, na tutazidi kulihubiri. Lakini usikimbilie hapo. Fungua simu yako wewe mwenyewe. Kuna picha ya kitambulisho, payslip, majibu ya hospitali ya mama watoto, ujumbe mliotumiana mkiwa mmekosana. Hakuna dhambi hapo, na bado hutaki hata moja isomwe pale Soko Mugdi.

Sasa twende kwa Daudi. Tumezoea kuhubiri sura ya 11 tukimwangalia Bathsheba, tunaipita haraka ile barua. Daudi aliandika kwa mkono wake kwamba Uria awekwe mahali vita ni vikali kisha aachwe. Uria akaibeba mwenyewe mpaka kwa Yoabu. Uria akafa. Barua je? Biblia haituambii ilichomwa. Haisemi Yoabu aliirudisha. Wala haisemi Yoabu alimtisha Daudi nayo, na mimi sitaongeza kwa Neno. Lakini soma mbele. Yoabu anamuua Absalomu kinyume cha amri ya mfalme, halafu anaingia nyumbani kwa mfalme na kumfokea (2 Samweli 19:5-7). Anamuua Amasa, na bado ni mkuu wa jeshi. Mpaka Daudi yuko kitandani karibu kufa ndipo anamwachia Sulemani kazi ya Yoabu (1 Wafalme 2:5-6). Mimi nikisoma hapo naona mfalme ambaye kuna mtu mmoja hawezi kumgusa, na mtu huyo ndiye aliyeisoma ile barua.

Daudi alidhani Uria akizikwa, mambo yameisha. Ndivyo tunavyofanya na kompyuta. Tunabonyeza "futa", tunamwaga kile kidebe cha takataka kwenye skrini, tunasema imeisha. Haijaisha. Kompyuta ikifuta faili kwa kawaida inatoa jina tu kwenye orodha yake, kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu na kuacha sura zote mahali pake. Maneno yanabaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na kuna programu za bure za kuyarudisha. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT kule Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha walichokuta kwenye diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika. Zilizofanya kazi zilikuwa 129. Zilizokuwa zimesafishwa sawasawa zilikuwa 12 tu. Kwenye nyingine walikuta habari za wagonjwa, barua za mapenzi na maelfu ya nambari za kadi za benki.

Hapa Garissa tunauza vitu sana kwa sababu tunahamishwa sana. Mwalimu, nesi, askari, barua ya uhamisho ikija unauza kitanda, friji, na laptop inaenda pamoja na meza. Mnakumbuka mapema 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, jinsi walimu wengi waliondoka kwa haraka. Nani alikuwa na muda wa kufuta kitu?

Na niungame yangu, kwa sababu si vizuri niwafundishe nikijificha. Kompyuta ya zamani ya ofisi ya kanisa niliiuza mimi. Shuleni nilifundishwa hesabu za mali iliyochakaa, nikaandika bei kwenye leja, nikafurahi kwamba tumepata kitu. Nilifuta faili kwa ile njia ya kawaida. Wiki tatu baadaye kijana aliyeinunua alirudi, akafunga mlango, akaniambia, "Pasta, hii mashine bado iko na watu wenu." Ilikuwa na orodha ya washirika, nambari za simu, mitaa wanayoishi, na maelezo ya ndoa tulizokuwa tukizishauri. Hapa kwetu orodha ya nani ni wa kanisa na analala wapi si karatasi ya kawaida. Mliokuwa hapa 2015 hamhitaji niwaeleze. Kijana yule si wa kanisa letu, ni Mwislamu, na hakuitisha hata shilingi. Familia zilizohusika niliziendea moja moja. Nyumba moja sikupewa chai, na sikulaumu.

Ukishatishwa, ufanyeje? Nehemia aliletewa barua iliyo wazi, ili kila mtu wa njiani aisome, kisha akaitwa kwenye mazungumzo. Hakuenda. Alijibu kwa kifupi, akaomba nguvu, akarudi ukutani. Lakini yake ilikuwa uongo. Kama yako ni kweli, bado usilipe, maana ukilipa leo, kesho utapigiwa tena. Tunza jumbe zote, usifute kwa hasira. Nenda DCI. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inamfunga mtu anayesambaza picha za faragha za mwenzake hadi miaka 2, au faini hadi shilingi 200,000, au vyote viwili. Na mwambie mke wako, au mume wako, kabla hajaambiwa na mwingine. Hapo ndipo pagumu, nakubali. Daudi alingoja mpaka Nathani akaja mlangoni.

Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi, vijana wawili wa idara ya vyombo watakuwa ofisini. Mwenye simu au kompyuta anayotaka kuuza au kutupa ailete isafishwe akiwa ameketi hapo hapo anaangalia. Iliyokufa kabisa tutatoa diski na kuitoboa kwa msumari. Mje na chaja, stima ikipotea tutawasha jenereta.