Fundisho: Barua Iletayo Kirusi na Barua Iletayo Uongo

Masomo: Yoshua 9:3-16, 2 Wathesalonike 2:1-2 na 3:17.



Neno hili kirusi si geni kwetu tukaao Bukoba na Muleba. Tarehe 21 Machi mwaka 2023 Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwaua watu katika Wilaya ya Bukoba ni wa kirusi kiitwacho Marburg. Wagonjwa 9 walihesabiwa, na 6 katika hao walikufa. Tarehe 2 Juni mwaka ule ule ikatangazwa kwamba ugonjwa umekwisha. Katika siku zile tulijifunza jambo zito. Ugonjwa ule haukuletwa na adui mwenye silaha. Uliwapata watu wa nyumba moja na wahudumu wa afya, yaani wale waliomsogelea mgonjwa ili wamsaidie. Mkono wa upendo ulikuwa njia ya mauti. Wala hatukuambiwa tuache kupendana. Tuliambiwa tupendane kwa akili, tunawe mikono, na tuwaite wenye ujuzi.

Mwezi huu yafaa tufundishane habari za kirusi cha namna nyingine, ndicho kirusi cha kompyuta. Siku hizi kompyuta imo katika ofisi za sharika, katika shule, na katika nyumba za washarika wengi. Ndani yake zimeandikwa habari za Ubatizo, za Kipaimara na za ndoa, pamoja na hesabu za sadaka. Nacho kirusi hiki hupita katika njia ile ile ya upendo na ya kuaminiana.

I. Kirusi cha kompyuta ni kitu gani?

Si mdudu, wala si pepo. Ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu mwenye nia mbaya, ili kompyuta iyafuate bila mwenyewe kujua. Kikiisha kuingia, hujitoa nakala na kutafuta kompyuta nyingine.

Mwaka 1999, mwezi wa Machi, kilitokea kirusi kilichoitwa Melissa. Kilikuja kwa barua pepe, kimefichwa katika waraka ulioambatanishwa. Mtu alipoufungua waraka ule, kirusi kilisoma orodha ya anwani zake, kikawapelekea watu 50 wa kwanza barua kama ile, kwa jina lake yeye mwenyewe. Tarehe 4 Mei mwaka 2000 kikaja kingine, kilichoanzia nchi ya Ufilipino. Barua yake ilikuwa na kichwa cha maneno ya Kiingereza, maana yake "Ninakupenda", na ndani yake waraka ulioonekana kama barua ya mapenzi. Aliyeufungua aliharibiwa mafaili yake, na barua ile ikaenda kwa watu wote walio katika orodha yake. Kwa siku chache tu kilizunguka ulimwengu. Kwa nini kilifanikiwa? Kwa sababu kila mtu aliipokea barua ile kutoka kwa mtu amjuaye. Wazee wetu walisema kweli: kikulacho ki nguoni mwako.

Tena si virusi vyote vipitavyo kwa barua. Mkulima wa kwetu aujua mnyauko wa migomba. Panga lililokata mgomba mgonjwa, likiazimwa jirani bila kusafishwa, huupeleka ugonjwa katika kibanja chake. Na chipukizi alilopewa mtu kwa wema huweza kuiharibu migomba yake yote. Flashi itiwayo leo katika kompyuta ya dukani, kesho katika ya shule, na keshokutwa katika ya usharika, ni kama panga lile.

Viko pia virusi vitekavyo mafaili, vikayafunga, kisha vikadai fedha za kuyakomboa. Tarehe 12 Mei mwaka 2017 kirusi cha namna hii kiitwacho WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Masahihisho ya kukizuia yalikuwa yamekwisha kutolewa tangu mwezi wa Machi, lakini wengi hawakuyaweka.

II. Onyo la uongo

Sasa sikilizeni jambo la pili, ambalo kwa waalimu na wazee wa kanisa lina hatari zaidi. Kuna barua isiyo na kirusi chochote ndani yake, illa ina onyo la kirusi kisichokuwapo.

Mwaka 1994 lilienea onyo kwamba barua yenye kichwa "Good Times" ikisomwa tu itaiharibu kompyuta, basi kila mtu awaonye rafiki zake. Kirusi hicho hakikuwako. Kilichoenea ni lile onyo lenyewe. Mwaka 2002 likaja jingine lililokuwa baya kupita hilo. Liliwaambia watu watafute katika kompyuta zao faili liitwalo jdbgmgr.exe, lenye picha ya dubu mdogo, walifute upesi, kisha wawaambie watu wote. Wengi walitafuta, wakaliona, wakaogopa, wakalifuta. Kumbe faili lile lilikuwa mali halali ya Windows! Tazameni hila hii. Mwenye kulitunga onyo hakuwa na haja ya kuunda kirusi. Aliwafanya watu wema wafanye kazi ya kirusi kwa mikono yao wenyewe.

Ndugu zangu, sitasema haya kama mtu asiye na kosa. Jioni moja nililetewa onyo katika simu, limeandikwa kwa jina la ofisi kubwa, lasema kwamba kuna ujumbe ambao ukifunguliwa fedha zote hupotea. Nikaliona ni jambo la kuwafaa watu, nikawapelekea wazee wote na waalimu wote wa mitaa kabla sijala chakula. Asubuhi mwalimu kijana akaniuliza kwa heshima, "Baba Mchungaji, habari hii umeipata kwa nani?" Sikuwa na jibu. Nilijua aliyeniletea, sikujua aliyeitunga. Lakini mama mmoja mjane alikuwa amekwisha kuogopa, akafuta ujumbe wote uliokuwamo katika simu yake, na ndani yake maneno ya mwisho ya mwanawe aliyefariki. Aliniamini kwa kuwa mimi ni mchungaji wake. Nilikwenda kwake kumwomba msamaha, akanisamehe. Illa maneno yale hayakurudi.

III. Neno la Mungu latufundisha nini?

Kwanza, tusome habari za Wagibeoni. Walikuja kwa Yoshua na viatu vilivyochakaa na mikate iliyokauka, wakasema wametoka nchi ya mbali. Waisraeli waliikagua mikate, hawakumwuliza Bwana, wakafanya agano. Baada ya siku tatu wakajua kwamba ni jirani zao. Kosa lao silo kutokuchunguza kabisa. Walichunguza kile alichokileta mdanganyifu mwenyewe. Ndivyo afanyavyo mtu aletewaye barua ya mashaka, akapiga namba iliyoandikwa katika barua ile ile ili ahakikishe. Uhakika hutafutwa nje ya barua.

Pili, Wathesalonike walitiwa hofu na maneno na barua iliyodhaniwa kuwa imetoka kwa Paulo. Naye akawaonya wasitikisike upesi, na mwisho wa waraka akaandika salamu kwa mkono wake, akasema hiyo ndiyo alama yake katika kila waraka. Basi kuuliza, "Je, ni wewe uliyeandika?" si kumvunjia mkubwa heshima. Mtume mwenyewe alitaka barua zake zitambulikane.

Tatu, Amri ya Nane yatukataza ushuhuda wa uongo. Kuupeleka mbele uongo kwa kutokujua si sawa na kuutunga, lakini jirani huumia vile vile. Sheria ya nchi pia, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, yamkataza mtu kutangaza habari aijuayo kuwa ya uongo ili adanganye.

IV. Yatupasayo kufanya

1. Usifungue waraka ulioambatanishwa usioutazamia, hata ukija kwa jina la rafiki. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo zamani, umwulize.

2. Barua ikitaka fedha za usharika zipelekwe upesi na kwa siri, mtunza hazina asitume hata senti moja kabla ya kusema na mkubwa wake kwa mdomo. Nywila na namba ya siri asiambiwe mtu yeyote.

3. Ruhusu kompyuta ipokee masahihisho yake, na kinga dhidi ya virusi isizimwe. Mwenye Windows 10 ajue ya kuwa masahihisho yake ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Atafute shauri kwa fundi mwaminifu.

4. Flashi ya mgeni ikaguliwe kwa programu ya kinga kabla ya kufunguliwa faili lolote.

5. Nakala ya mafaili ya usharika iwekwe katika diski nyingine, ichomolewe, ihifadhiwe mahali pengine. Na daftari la karatasi lisiachwe.

6. Onyo likija, tazama alama hizi: lakuharakisha, lakuagiza uwaambie watu wote, halina tarehe wala mahali pa kuulizia, au lakuamuru ufute kitu. Ukiziona, linyamazie hata upate uhakika.

7. Ujumbe wa utapeli ukija katika simu, upeleke kwa namba 15040 iliyowekwa kwa kazi hiyo.

8. Ukikwisha kueneza uongo, usione haya kusahihisha. Waandikie wale wale uliowapelekea, mmoja mmoja, wala usingoje waulize.

Maulizo ya kujibiwa katika mitaa

1. Kwa nini kirusi na uongo hupita upesi zaidi kati ya watu wapendanao?
2. Waisraeli walichunguza nini, na walikosa wapi?
3. Ni nani katika mtaa wetu awezaye kuulizwa kabla onyo halijaenezwa?

Haraka haraka haina baraka, wapenzi. Tusiache kuonyana, maana ni kazi ya ndugu. Lakini onyo litokalo katika kinywa cha Mkristo liwe limenawa mikono kwanza.

Amani ya Bwana ikae nanyi nyote.