Tanzu Nilizozidharau Zikanitoa Jasho

Najua unaandika, au umeshaanza na hujamwambia mtu. Najua pia kuna rafu ya vitabu unayoipita bila kusimama: ya mashairi labda, au ya riwaya za upelelezi, au ya tamthilia. Ninayokueleza hapa yanahusu rafu hiyo. Mimi ni mtu wa hadithi fupi, na kwa miaka mingi niliamini kwamba anayeiweza hadithi fupi anaweza yote, kwingine ni kuongeza kurasa tu.

1. Msomaji wa upelelezi anaweka hesabu

Vitabu vya mpelelezi Bwana Msa nilivipenda utotoni, kisha nikasoma fasihi chuoni nikaanza kuvionea haya. Siku nilipokosa hela nikavikumbuka: nitaandika hadithi ya upelelezi, kazi ya mwisho wa wiki. Maiti chumbani, mlango umefungwa kwa ndani, jirani mwenye kinyongo. Nikampa mpwa wangu asome. Alirudi chai haijapoa.

"Mjomba, mlango si ulikuwa na komeo kwa ndani? Sasa huyu jirani kaingilia wapi?"

Nikamwambia asubiri mwisho. Akanijibu mwisho ameshausoma.

Katika hadithi zangu nilizoea kuyaacha mambo nusunusu, na wasomaji wema wakadhani huko ndiko kuandika kwa kina. Hapa komeo ukilitaja umekopa, na msomaji atakudai. Nikarudi kwa Muhammed Said Abdulla, aliyemwandika Bwana Msa, kwenye Mzimu wa Watu wa Kale cha mwaka 1960, safari hii kalamu mkononi, naweka alama kila kitu kinapotajwa mara ya kwanza na kila kinapokuja kuhitajika. Kilichonishangaza ni kwamba vitu hivyo havijafichwa. Viko mbele ya macho, katikati ya maongezi na mzaha, nami nilikuwa nikicheka. Kwa hiyo ukijikuta unamwambia mtu kwamba hadithi yako haieleweki kwa sababu ni sanaa, jaribu kwanza kuandika moja ambayo lazima ieleweke.

2. Hesabu mizani kabla ya kuchagua upande

Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yake yasiyofuata vina wala mizani yaliuchochea ugomvi ambao mpaka leo haujazimika: wanamapokeo huku, wanausasa kule. Barazani mimi nilikuwa mwanausasa mkali. Nilikuwa na hoja nyingi nzuri, na chini yake sababu moja ya kweli: sikujua kuhesabu mizani.

Nilijifunza na mvi kichwani, kwa vidole. Ubeti wa utenzi una vipande 4, kila kipande mizani 8. Vipande 3 vya mwanzo vinashirikiana kina. Cha nne kinabeba kina kitakachorudi ubeti hadi ubeti mpaka tamati. Nikaanza: "Nilipofika nyumbani." Ni-li-po-fi-ka-nyu-mba-ni. Nane! Nikajiona malenga Muyaka. Kipande cha pili: "mama alikuwa analia." Kumi. Nikapunguza: "mama alikuwa alia." Tisa. Jioni ikaisha nimefika kwenye "mama akawa alia", nane kamili, ndipo nikagundua kwamba kina hakioani na "nyumbani" na kazi bado mbichi.

Nilipotulia nikaona mama bado analia vilevile. Nilichokata hakikuwa kilio. Nikafungua hadithi yangu ya zamani, na ukurasa wa kwanza ulijaa "alikuwa ana" hiki na "alikuwa ana" kile. Nimelipa mizani ambazo hakuna aliyenidai. Tangu hapo nikaacha kusema kwamba arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, inamziba mtu mdomo. Mwana Kupona, mwaka 1858, tena akiwa mgonjwa, alimwusia binti yake mambo ya dini, ndoa na kuishi na watu kwa beti zaidi ya 100, ndani ya kamba hiyohiyo. Mashairi huru bado nayapenda. Ila sasa najua anayeyaandika ameacha nini, na naweza kumtambua asiyekuwa na cha kuacha.

3. Usiisome Nagona kwa jicho la Rosa Mistika

Mwandishi ni huyohuyo Kezilahabi. Katika riwaya yake Rosa Mistika ya 1971 nilijua nani ni nani na baba wa Rosa ana makosa gani. Nagona ya 1990 ni kijitabu chembamba, nami nikakifunga kwa hasira kwa sababu kila ukurasa niliuliza "kisha ikawaje?" na sikujibiwa. Mara ya pili nilikisoma kwa sauti, bila kuuliza. Sitadai nilikielewa. Nilifika mwisho, na picha zake ziliniganda.

4. Anayenyamaza naye yuko jukwaani

Shule niliyokuwa nikifundisha iliomba mchezo wa mahafali. Nikaandika baba anayemwambia mwanawe kwamba kiwanja cha ukoo kimeuzwa, hotuba ya karibu ukurasa mzima, na niliipenda mno. Kwenye mazoezi, binti aliyecheza mama akainua mkono.

"Mwalimu, mimi hapa nafanya nini wakati baba anasema yote haya?"

Nikatazama karatasi. Mama aliingia kurasa mbili nyuma na hakuna aliyemtoa. Katika hadithi ukimsahau mtu anayeyuka mwenyewe. Jukwaani anabaki amesimama na ukumbi mzima unamwona. Tukampa ungo achague mchele. Baba aliposema kiwanja kimeuzwa, mkono wa binti yule ukasimama juu ya ungo, na nusu ya hotuba yangu ikawa haina kazi. Nikaikata palepale. Baadaye niliirudia tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile ya 1969, ambayo zamani niliisoma kama riwaya iliyopungukiwa maelezo. Sasa kila anaposema mmoja, namtafuta asiyesema.

Hadithi fupi niliyoandika baada ya hapo ina watu watatu jikoni, na mmoja hafungui kinywa tangu mwanzo hadi mwisho. Mhariri aliomba nieleze anawaza nini. Nilibishana naye siku kadhaa, kisha nikaongeza sentensi moja ili ichapishwe. Nikiisoma leo ni hiyo tu ninayotamani kuifuta.