Mafuta Yakiwaka, Shika Mfuniko!

Mama lishe wa Ziba, kijana wa chipsi pale stendi, na wewe dada uliyeachiwa zamu ya maandazi alfajiri: tunajua huna muda. Soma haya wakati unga unaumuka.

1. Mfuniko kwanza, mafuta baadaye
Kabla hujamimina hata tone, tafuta mfuniko wa bati unaoziba karai lote, uuweke mkono unapofika. Si kabatini, wala si kwa jirani aliyeuazima tangu Idi. Huna? Sinia la chuma lililo pana kuliko mdomo wa karai linatosha. La plastiki liache lilipo.

2. Yamewaka? Funika, kata moto, subiri
Ukisahau mengine yote, hili lishike. Telezesha mfuniko kuanzia upande wako kwenda mbele, ili miali isikurukie usoni. Kisha kata moto wa chini. Mwenye gesi afunge swichi, au koki ya mtungi, ikiwa anaifikia bila kupitisha mkono juu ya moto. Wewe wa jiko la mkaa huna swichi, lakini una kile kimlango cha majivu: kifunge kama kinafikika, makaa yakose hewa.

Sasa sehemu ngumu: usichungulie! Mafuta yangali moto yakipata hewa huwaka upya. Acha karai lipoe kabisa. Na kulibeba mbio kwenda nje? Hapana jamani, hapo ndipo watu humwagikiwa miguuni.

3. Ndoo ya maji ikae mbali
Ndiyo, mkono utaikimbilia wenyewe. Uzuie. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo yanazama, na huko chini yanageuka mvuke papo hapo. Lita 1 ya maji hutoa takriban lita 1,700 za mvuke, nao hurusha mafuta yanayowaka mpaka juu. Kama jiko lako limeezekwa nyasi, huhitaji kumaliziwa hadithi. Unga nao usirushe. Vumbi lake linashika moto.

4. Moshi ukianza, punguza
Mafuta huaga kabla ya kuwaka: yanatoa moshi mwembamba na harufu inayokereketa koo. Punguza makaa kwa koleo, au zima gesi. Alizeti inayoshuka Sekenke kwa madumu kutoka Singida ni tamu, hatubishi, ila ile isiyosafishwa kiwandani hutoa moshi mapema kuliko iliyosafishwa. Yaliyokaangiwa mara nyingi mpaka yakawa meusi pia huwahi. Kipimo chepesi: dondosha kipande kidogo cha unga. Kikielea na kutoa mapovu, anza kazi. Kikiwa cheusi mara moja, umechelewa kupunguza moto.

5. Theluthi moja ya karai, basi
Ukijaza, mafuta yatafurika juu ya makaa, na hapo ndipo moto unapoanzia. Viazi na samaki wafute maji kwanza. Simu ikiita, iite tu.

6. 114
Mfuniko umeshindwa, moto umepanda ukutani? Toa watu wote nje, uite majirani, upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ihifadhi kwenye simu leo. Usirudi ndani kufuata mtungi.

7. Asali ya Tabora ni ya kulamba
Ukiungua, asali, dawa ya meno na yai vibaki mezani. Vua pete na bangili mapema, kabla mkono haujavimba. Mwagia maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, yatiririke kwa dakika 20. Ndiyo, 20, pokezaneni kata. Malengelenge usiyatumbue. Funika kwa kitambaa safi kisicho na nyuzinyuzi. Kama ni mtoto, au ni uso, viganja au jeraha kubwa kuliko kiganja chako, tafuta bodaboda mwelekee kituo cha afya au Hospitali ya Nkinga. Maandazi yaliyobaki atakaanga mwingine.